Ushirikiano au Ushirikishwaji? Uhakiki wa Istilahi za Wanasayansi na Wakazi katika Bonde la Nyabugogo, Kigali

Utangulizi

Mvua kubwa inaponyesha Kigali, maji kutoka Kimisagara, Gitega na sehemu za Nyamirambo huteremka kwa mfereji wa Mpazi hadi Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi na soko. Hapo hukutana na mto Nyabugogo, utokao Ziwa Muhazi kuelekea Nyabarongo, na mafuriko yamekuwa yakirudia. Ardhioevu ya Nyabugogo ni miongoni mwa tano zilizopangwa kurejeshwa katika hali yake kupitia Mradi wa Pili wa Maendeleo ya Miji Rwanda, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020.

Miradi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi huahidi kuwaweka pamoja wataalamu na wakazi. Makala haya yanahakiki lugha ya ahadi hiyo kwa Kiswahili, na kudai kwamba istilahi yake kuu, ushirikishwaji, huruhusu tendo la upande mmoja lihesabiwe kuwa la pande mbili. Suala hili linaigusa Rwanda moja kwa moja: Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017, na sera zitakazoandikwa kwa lugha hiyo zitarithi istilahi zilizokwisha kuzoeleka kwa majirani.

Mofolojia na mamlaka

Shina shiriki huzaa njia mbili. Shirikiana hubeba kiambishi -an- cha kutendana: kila upande ni mtenda na pia ni mtendwa. Shirikishwa huunganisha usababishi na utendwa: yupo anayemfanya mwingine ashiriki, lakini hatajwi. Katika “ushirikishwaji wa wananchi”, wananchi ni watendwa na mwenye mradi amefichika.

Yaweza kupingwa kwamba matumizi ya neno hushinda muundo wake. Pingamizi hilo ni la haki, ila katika uwanja huu matumizi yameufuata muundo. Mkutano wa kuwaarifu wakazi kuhusu ramani iliyokwisha kuchorwa unatosha kuitwa ushirikishwaji. Hautoshi kuitwa ushirikiano. Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, unaonyesha tofauti hiyo. Wakazi wanapozibua mfereji, mikono yao imeshiriki. Kama wao pia ndio walioamua mfereji upi utangulie ni swali jingine, na mkutano unaofuata kazi ndio mahali pa kulijibu.

Hatari ni ya nani?

Istilahi ya pili ni “maeneo hatarishi”, inayokaribiana na amanegeka ya Kinyarwanda. Hatarishi hutokana na hatarisha. Kwa hiyo kisarufi eneo ndilo linalosababisha hatari. Lakini maji yanayoingia katika nyumba iliyo kando ya Mpazi hutoka pia kwenye mapaa na barabara za lami za mlimani. Istilahi hulitaja bonde na kuuacha mlima. Athari yake si ya kinadharia: nyumba ikishapewa jina hilo, mjadala huhama kutoka namna ya kupunguza maji hadi namna ya kumhamisha mkazi.

Hapo ndipo maarifa ya pande mbili yanapohitajiana. Vipimo vya mvua na vielelezo vya mteremko humwezesha mtaalamu kukadiria wingi wa maji. Mkazi anajua kalavati lipi huziba kwanza kwa taka, na maji yalifika kimo gani ukutani. Hakuna upande unaojitosheleza.

Mifano ya jirani

Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, kuanzia mwaka 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika. Maarifa ya wakazi yaliingia katika ramani, lakini kuchora hatari si sawa na kuamua hatima ya walioko ndani yake. Nairobi ilikwenda hatua zaidi. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi walijipanga kwa vikundi vya kaya kumi kumi vilivyotoa wawakilishi, nao wakaandaa mpango pamoja na vyuo vikuu na mashirika. Tofauti ya mifano hii haipimwi kwa idadi ya mikutano, bali kwa hatua ambayo sauti ya mkazi inaingia.

Hitimisho

Washauri wa sera wanapendekezewa mambo matatu. Neno ushirikiano litumike pale tu ripoti inapoweza kuonyesha jambo lililobadilishwa na maarifa ya wakazi. Panapoandikwa ushirikishwaji, itajwe nani amemshirikisha nani, na katika uamuzi upi. Na panapoandikwa eneo hatarishi, chanzo cha maji kitajwe pamoja na mahali yanapoishia. Kwa Nyabugogo, maana yake ni kwamba mlima nao uingizwe katika ramani, na mkazi wa bonde awepo wakati inapochorwa.