Uthabiti wa Imani Katika Kitabu cha Krapf

Msomaji, ukisimama katika bandari ya zamani ya Mombasa, Mji wa Kale ukiwa nyuma yako, utaona mkondo wa maji utenganishao kisiwa na bara. Ng'ambo ya maji hayo, upande wa Mkomani, amezikwa Rosine Krapf, aliyefariki tarehe 13 Julai 1844, pamoja na binti yake mchanga aliyemfuata baada ya siku chache. Ulikuwa mwaka wao wa kwanza Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa taabani kwa homa wakati mkewe alipokata roho.

Miaka 14 baadaye, mwaka wa 1858, Krapf alitoa kwa Kijerumani kitabu cha safari zake na kazi yake ya umisheni katika Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1860 kitabu hicho kilitoka London kwa Kiingereza. Ni kitabu kinene, chenye habari za Uhabeshi, Mombasa, Rabai, Usambara na Ukambani. Watu wengi hukisoma kwa ajili ya jiografia, maana mna habari za mlima Kilimanjaro, ambao mwenzake Johannes Rebmann aliuona tarehe 11 Mei 1848, na za mlima Kenya, ambao Krapf mwenyewe aliuona tarehe 3 Desemba 1849. Mimi nataka tukisome kwa ajili nyingine. Makanisani na shuleni jina la Krapf hutajwa kuwa mfano wa mtu aliyesimama imara katika imani wakati wa dhiki, na kitabu chake huchukuliwa kuwa ushahidi. Basi yatupasa kuuliza: kitabu hiki chafundisha uthabiti wa namna gani, na chaufundisha katika kurasa zipi?

Kwanza tuzitazame taabu zenyewe, kwa kuwa imani isiyojaribiwa haina la kusimulia. Krapf alizaliwa Derendingen, Ujerumani, mwaka wa 1810. Kabla ya kufika Mombasa alikuwa amekwisha kufukuzwa Tigre, nchi ya Uhabeshi, na mlango wa Shoa ulikuwa umekwisha kufungwa mbele yake. Katika safari za huko mkewe alijifungua mtoto kabla ya wakati, naye akafa. Wazazi wakampa kwa lugha ya nchi ile jina lenye maana ya chozi. Kwa hiyo Mombasa haikuwa shabaha yake ya kwanza. Aliijia akiwa ameshindwa kwingine, mkononi ana barua ya Sayyid Said wa Zanzibar ya kumwombea mapokezi mema kwa maliwali wake. Miezi michache tu baadaye akawa mgane asiye na mtoto, katika mji ambao bado alikuwa akijifunza lugha yake.

Mahali panapojulikana zaidi katika habari zake ni pale anapowaeleza wakuu wa chama chake cha misheni maana ya kaburi la Rosine. Kwa ufupi, awaambia kwamba kaburi hilo ni dalili ya vita vilivyoanza, na kwamba wajiandae kwa kazi kubwa ya kuivuka Afrika kutoka pwani ya mashariki. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika mahubiri na katika historia za Kanisa, wala si ajabu, kwa maana yana nguvu. Yamesemwa na mtu ambaye angeweza kuomba aitwe nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini msomaji mwangalifu ataona upungufu wake. Rosine mwenyewe atoweka upesi. Mwanamke aliyekuwa na hofu yake na subira yake ageuzwa bendera kabla udongo wa kaburi haujakauka. Sisemi kwamba Krapf hakuhuzunika. Mtu aliyelemewa hushika neno kubwa kuliko maumivu yake ili asianguke, na hiyo ni haki yake. Nasema tu kwamba kijana asomaye asidhani kuwa imani humwamuru mtu auelewe msiba wake siku ile ile ulipomfika. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kunena. Walianza kukosea walipofungua vinywa.

Kwangu mimi, uthabiti wa kitabu hiki umo zaidi katika kurasa zilizoandikwa kwa sauti ya chini. Rebmann alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Mwezi wa Agosti wawili hao waliondoka kisiwani kwenda kufanya makao Rabai, katika vilima vya nyuma ya pwani. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na Krapf hakuweza kwenda kwa miguu, ikabidi apande punda. Habari hiyo haina tarumbeta. Ni habari ya wagonjwa wawili, mlima wa kupanda, na nyumba itakayojengwa. Lakini umtazame vizuri mtu huyo juu ya punda: miaka miwili imepita tangu amzike mkewe, dawa hazimsaidii sana, watu waliomsikiliza ni wachache mno, naye yuko njiani kwenda kuanza upya.

Tazama tena safari yake ya pili ya Ukambani, mwaka wa 1851. Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini, akijificha mchana na kwenda usiku. Alipofika mtoni alikuwa na kiu kali, na mbele yake kulikuwa na nchi kavu asiyoijua. Hakuwa na kibuyu. Akatia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Sala imo katika habari hiyo, lakini imo pamoja na kazi ya mikono. Mtu aliyemtumaini Mungu alikuwa vilevile akitafuta chombo cha kuchukulia maji. Ukurasa huo mmoja wafundisha zaidi kuliko kurasa nyingi za maazimio, kwa sababu mwandishi hakukusudia kujisifu. Alikusudia tu kueleza jinsi alivyorudi akiwa hai.

Sasa nitaje kosa ambalo naliona kubwa kuliko lile la kwanza, nalo ni jinsi kitabu kinavyowatazama watu. Krapf aliuona Uislamu wa Mji wa Kale kuwa ukuta, na mila za Wamijikenda, ambao yeye na wengi wa zama zake waliwaita Wanyika, aliziona kuwa giza. Alipokosa kusikilizwa, aghalabu aliona ugumu wa mioyo. Lakini Mombasa ilikuwa na kumbukumbu zake. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Mtawala Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza kwa jina la Jerónimo, aliwageukia tarehe 16 Agosti 1631, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa kisiwani humo. Ngome ilitwaliwa na Waomani mwaka wa 1698. Na mwaka wa 1837, miaka saba tu kabla ya Krapf kufika, Sayyid Said aliwapokonya Wamazrui mji. Watu waliokwisha kuuona msalaba ukija pamoja na mizinga walikuwa na sababu ya kumtazama mgeni kwa tahadhari.

Jambo hili lahusu uthabiti wenyewe. Mtu wa imani akikataliwa, hupenda kudhani kwamba anateswa kwa ajili ya ukweli. Pengine ndivyo. Pengine wanaomkataa wamekwisha kuumizwa na mtu mwingine aliyekuja na maneno kama yake. Asiyeweza kuzipambanua hali hizi mbili, uthabiti wake waweza kugeuka ukaidi, na saburi yake kuwa dharau.

Tena mji huo huo aliouona kuwa mgumu ndio uliomtegemeza. Katika mwaka ule ule wa msiba, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani mwaka wa 1847. Hebu fikiri, msomaji: kadhi wa Kiislamu na mgeni Mkristo wakitafuta pamoja maneno ya Kiswahili ya kueleza kuumbwa kwa mbingu na nchi. Krapf hakulificha jina la msaidizi wake, na kwa hilo twamshukuru. Lakini kama kitabu kingelipa jambo hilo nafasi inayolistahili, wasomaji wake wa Ulaya wangalijua kwamba katika siku zake ngumu kabisa mhubiri huyu hakuwa peke yake, na kwamba mkono uliomshika ulikuwa wa mtu wa dini nyingine.

Kazi hiyo ya maneno ndiyo sehemu ya maisha yake isiyokatika. Mwaka wa 1850 alitoa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen. Aliendelea kuikusanya kamusi yake, iliyojaa Kimvita cha Mombasa pamoja na methali na misemo yake, hata alipokuwa amerudi Ulaya na nguvu zimempungukia. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, na yasimuliwa kwamba alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Anayetaka ushahidi wa uthabiti wa Krapf na aifungue kamusi hiyo. Hakuna neno moja ndani yake lililopatikana bila kumwuliza mtu, kumsikiliza, kukosea, na kuuliza tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kitabu chenyewe hakingeweza kulisimulia. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya yake. Alirudi mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, lakini hakukaa sana. Rebmann alibaki. Tangu 1846 hadi 1875, miaka 29, hakurudi Ulaya hata mara moja. Alimzika mtoto wake wa kiume, na mwaka wa 1866 akamzika mkewe Emma. Waongofu walikuwa wachache. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mtu maskini aliyekuwa kilema. Macho ya Rebmann yakaingia giza, naye akaendelea na kamusi zake na tafsiri ya Injili ya Luka. Mwaka wa 1875 alirudi Ujerumani akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai, naye akafariki mwaka wa 1876. Hakuandika kitabu kikubwa cha kueleza taabu zake.

Watu hawa wawili hawakukubaliana juu ya kazi yao. Krapf alitamani mnyororo wa vituo vya misheni kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kuwajua watu wa hapo. Huenda msomaji akasema kwamba basi Rebmann ndiye aliyekuwa thabiti, na kwamba kitabu cha Krapf ni maneno ya mtu aliyeondoka. Sikubali hukumu hiyo. Mwili uliochoka hauna hatia, na Krapf aliyeondoka aliichukua Mombasa ndani ya kamusi yake mpaka siku ya kufa. Lakini nakubali kwamba kitabu chake chatuonyesha upande mmoja tu: uthabiti wa mtu mwenye maono makubwa, anayeweza kuyaeleza maono yake. Upo uthabiti mwingine, wa mtu asiyeona matunda, asiyesifiwa, ambaye hana la kueleza ila kwamba jana alikuwapo na leo yupo. Huu wa pili haupati waandishi kwa urahisi, nao ndio unaotakiwa na wengi wetu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitabu hiki ni hii. Ni kitabu cha kweli kuhusu imani, chenye kasoro mbili: chaharakisha kuufanya msiba kuwa hoja, na chawapunja watu wa pwani heshima yao. Anayekisoma kwa ajili ya maneno yake makuu atapata moto wa muda. Anayekisoma kwa ajili ya punda wa Rabai, maji katika mtutu wa bunduki, na kadhi aliyeketi juu ya kitabu cha Mwanzo, atapata chakula cha safari ndefu.

Nawe, msomaji, siku moja utavunjika moyo. Utafiwa, au utashindwa katika jambo ulilolitumikia kwa bidii, au utaomba na kuona kwamba hujajibiwa. Siku hiyo usijilazimishe kusema maneno makubwa, wala usijione mnyonge wa imani kwa kuwa huyapati. Fanya kazi ndogo iliyo mbele yako, na aliye tayari kukusaidia usimkatae kwa sababu ya dini yake au kabila lake. Kisha, ukipata nafasi, vuka Daraja la Nyali uende Mkomani, usimame kitambo mbele ya kaburi la Rosine na mwanawe. Usiseme neno. Mwache Rosine awe mtu kwanza, kabla hajawa mfano wa jambo lo lote.