Bagnold na Dunia Aliyoiita Mfu

Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka Jangwa la Libya kwa magari ya Ford, aliandika vitabu viwili kuhusu mchanga ule ule. Wapenzi wa simulizi za safari hukimbilia Libyan Sands cha 1935. Mimi ningekupa kwanza The Physics of Blown Sand and Desert Dunes cha 1941, hata kama hesabu zake zitakutoa jasho.

Tatizo la kile cha kwanza liko jaladani: jina lake la pili linaliita jangwa dunia iliyokufa. Simulizi ni tamu, sikatai. Lakini mwaka 1931 Waitalia walipoiteka oasisi ya Kufra, familia nzima zilikimbilia jangwa hilo hilo kuelekea Misri, na wengi wakafa kwa kiu. Mahali penye njia, visima na makaburi, kupaita pafu ni haraka ya mgeni.

Kitabu cha pili hakina haraka. Bagnold alirudi London, akajenga njia ndefu ya kupitishia upepo wa feni, akakaa kutazama chembe. Mchanga, aliona, haupai kama vumbi, unaruka. Chembe inanyanyuka, inasukumwa na upepo, inatua na kugonga nyingine, nayo inaruka. Halafu akajaribu saruji, laini kuliko mchanga wowote. Upepo mkali ukapita juu yake, saruji ikatulia tuli! Unga huo umejilaza chini mno, upepo hauna pa kuushika, mpaka chembe za mchanga zije kuupiga.

Hapo fizikia inagusa shamba na malisho. Ardhi kavu yenye ganda zima huuvumilia upepo. Ganda likivunjwa na kwato au matairi (ya Ford zake yakiwemo), mchanga unapata pa kuanzia, na kinachobebwa mbali zaidi ni ule unga laini wenye rutuba.

Binadamu karibu hayumo kitabuni, na hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo, mwanzoni kabisa Bagnold anaeleza jinsi matuta yanavyokua, yanavyohama bila kupoteza umbo, hata kuzaana, yakiiga uhai kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Hiyo ni miaka sita tu baada ya lile jalada.