Kabla mgonjwa hajapanda gari

Kutoka Mugumu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari ndefu kwa mtu asiyeweza kukaa kitako. Akifika na karatasi iliyoandikwa tu "maumivu ya mgongo, kwa uchunguzi zaidi", bingwa anaanza upya. Ndiyo maana namvulia kofia tabibu wa zahanati anayejua nani asafiri na nani abaki.

Wengi wanabaki. Kiuno cha aliyeinamia jembe kwa kawaida hupoa ndani ya wiki chache, mradi asilale kitandani mchana kutwa. Kumwambia hivyo mzee wa Kikurya aliyekuja kufuata sindano kunataka ulimi mzuri.

Msikilize tabibu akiuliza. "Shikamoo mzee. Maumivu yanakuamsha usiku? Umepungua mwili?" La mkojo anasubiri ndugu watoke nje, kwa sababu mkojo ukigoma na mapaja yakafa ganzi, hiyo ni dharura ya saa, hakuna kungoja kesho. Kisha anahamia kwenye ng'ombe: kuna aliyetupa mimba? Maziwa mnachemsha? Mzee anashangaa, lakini hii ni nchi ya mifugo, na brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, huweza kushambulia maungio ya nyonga na pingili za mgongo. Kwa kijana wa machimbo ya Nyamongo anauliza kikohozi na jasho la usiku. Vumbi la miamba huifungulia TB mlango, nayo TB hula pingili hata kifua kikiwa kimya.

Anapitisha kidole pingili kwa pingili, halafu anakandamiza kidole gumba cha mguu: "Nyanyua, mzee, nishinde nguvu." Ndipo anashika kalamu: "Gumba la kushoto halinyanyuki tangu Jumatatu. Mkojo sawa. Homa hana. Brusela hajapimwa." Bingwa akisoma hayo anajua aanzie wapi.



Hospitali ya mkoa iko Musoma, na tabibu huyu hupiga simu kuuliza siku ya kliniki ya mifupa. Kufika siku isiyo yake ni kulipia malazi ya mgonjwa na ndugu yake. Mgonjwa akirudi, anamdai karatasi ya majibu. Ikiwa ni TB ya mgongo, vidonge vitamezwa miezi mingi hapa hapa kijijini, na mguu ukianza kulegea katikati ya dozi, wa kwanza kuugundua atakuwa tabibu huyu.