Mkono wa Mnunuzi Aliye Mbali

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Anayeuza nguo za watoto zilizokwisha kuvaliwa kwenye mnada wa mtandaoni hawezi kuitegemea methali hiyo. Gauni zima kabisa, likipigwa picha gizani na kuandikwa "gauni la mtoto" tu, litakaa siku saba bila kupata dau. Pembeni yake suruali iliyopauka goti itagombewa na watu watatu, kwa kuwa mwenyewe ameieleza ikaeleweka. Tofauti ya hizo mbili ni ufundi, na nimeutazama ufundi huo kwa muda mrefu mikononi mwa wifi yangu, mzaliwa wa Ilala anayeishi Houston, Texas.

Kule kwenye soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, karibu na alikozaliwa, mnunuzi haulizi bei kabla ya kuikagua nguo. Huivuta kiunoni aone kama lastiki bado ina nguvu, huinyanyua kwenye mwanga kutafuta tundu, kisha hupitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. Katika mnada wa mtandaoni hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana. "Huku mteja hana mkono, wifi," aliniambia. "Mkono wake ni mimi." Nikimtazama akifanya kazi naona kila anachofanya kinatokana na kauli hiyo.

Anauzia eBay, mnada ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 kwa jina la AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama anajua kuwa ni mbovu, akajibiwa kuwa ndiyo, anazikusanya zilizoharibika. Anayeanza biashara hii atapata somo hapo: ubovu uliotajwa waziwazi unaweza kupata mtu wake.

Kazi yenyewe huanzia dirishani, mchana. Taa ya njano ya usiku huficha doa la njano, na nguo za wachanga zimejaa madoa ya aina hiyo. Doa la maziwa likifuliwa juu juu huonekana limetoka. Nguo ikikunjwa na kuwekwa miezi kadhaa, mabaki yaliyobaki kwenye uzi hukutana na hewa na kugeuka njano, hasa kwenye kola na kifuani. Ndiyo maana nguo iliyoingia sandukuni ikiwa safi hutoka na madoa, na mama akashangaa. Wifi huiloweka usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye dawa ya unga ya oksijeni. Haiingizi kwenye mashine ya kukaushia mpaka ajiridhishe kuwa doa limetoka, kwa sababu joto hulikaza. Vitonge vya nyuzi kwenye sweta huvinyoa kwa wembe, polepole, nguo ikiwa imenyooshwa mezani.

Kisha hutenga mafungu matatu: isiyo na dosari, yenye dosari inayoelezeka, na isiyofaa kuuzwa. Wauzaji wa Gikomba, Nairobi, huchambua belo kwa mtindo huohuo, daraja la kwanza wakiliita kamera na la mwisho fagia. Mgeni wa kazi hii hushindwa kwenye fungu la tatu. Anakumbuka mwanawe alivyopendeza ndani ya ile fulana, anaiingiza mnadani ingawa kola imelegea.

Baada ya hapo ni futi kamba. Hupima kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, na kwa suruali mshono wa ndani wa mguu. Lebo haimtoshi, kwa kuwa pamba husinyaa ikifuliwa na kila kampuni ina saizi zake. Marekani kuna nguo ya miezi 24 na kuna ya 2T, na asiyejua huziona kuwa kitu kimoja. Mara nyingi ile ya miezi 24 imekatwa kwa nafasi ya nepi, na ya 2T ni ndefu na nyembamba zaidi, ya mtoto anayekimbia. Mnunuzi mwenye mtoto wa miaka miwili anataka kujua hilo kabla hajatia dau.

Uamuzi mgumu zaidi ni kuuza moja moja au kwa furushi. Fulana ya kawaida ya Carter's ikiuzwa peke yake, gharama ya posta huweza kuizidi bei. Kumi za saizi moja na msimu mmoja ni kabati zima la mtoto, na mzazi hufurahi kumaliza kazi kwa dau moja. Lakini zipo za kusimama peke yake. Gymboree ilikuwa ikitoa nguo zake kwa makundi yenye mapambo yanayofanana, kuanzia gauni hadi soksi na vibanio vya nywele. Hata baada ya kampuni hiyo kuomba kinga ya muflisi mwaka 2017 na tena 2019, na maduka yake kufungwa, kuna wanaotafuta kipande kinachokosekana katika seti yao. Hanna Andersson, iliyoanza Portland, Oregon, mwaka 1983, iliwahi kupokea nguo zake zilizovaliwa na kumpa mteja nafuu ya asilimia 20 kwa manunuzi mengine. Nguo za jina kama hilo wifi haziingizi kwenye furushi.

Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 80, na hapotezi hata moja kwa "nzuri sana" au "ya kupendeza", kwa kuwa hakuna anayeyatafuta maneno hayo. Huandika kampuni, aina ya nguo, saizi, rangi na jinsia. Picha hupigwa kwa mwanga wa dirisha: mbele, nyuma, lebo, kisha dosari yenyewe kwa karibu, na sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane. Nilimwona akirudia picha ya doa dogo la wino mpaka likaonekana sawasawa. Sijawahi kuona mtu akihangaika hivyo kuonyesha kasoro ya mali yake.

Mnada nao una hesabu zake. Mnunuzi huuambia mfumo kiwango chake cha juu kabisa, nao hukitunza siri na kumpandishia dau hatua kwa hatua, kiasi cha kumpita mshindani tu. Kwa hiyo bei ya mwisho huamuliwa na anayeshindwa, yule wa pili. Asipokuwepo wa pili, nguo huondoka kwa dau la kuanzia. Anayeanza aweke bei ambayo haitamuuma hata akitokea mtu mmoja, na kabla ya kuiweka atazame nguo kama yake zimeuzwa kwa kiasi gani, kwa kuwa bei inayotajwa na muuzaji ni matumaini yake tu. Mnada huisha saa ileile ulipoanza, ndiyo sababu wifi huuanzisha Jumapili saa mbili usiku kwa siku saba. Wakati huo New York ni saa tatu na Los Angeles ni saa kumi na mbili jioni, na wazazi wengi wako nyumbani. Makoti ya baridi huyatoa mwezi Agosti, kabla ya baridi kumkumbusha kila mtu.

Kifurushi hukipima uzito kabla ya kutangaza, si baada ya kuuza, kwa sababu kikivuka ratili moja, yaani gramu 454 hivi, gharama ya posta hupanda na faida ya nguo ndogo huishia hapo. Hukagua pia usalama. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996 dhidi ya kamba za kuvuta kwenye kofia na shingo za nguo za watoto, kwa kuwa zimewahi kuwanyonga. Na tangu sheria ya 2008, bidhaa iliyotangazwa kurudishwa hairuhusiwi kuuzwa hata ikiwa imetumika. Koti zuri lenye kamba shingoni haligusi mnada wake.

Ukitaka kuanza, chukua nguo chache za mwanao, zikague mchana, zipime, na uandike dosari kabla ya sifa. Usidhani huo ni wema tu. eBay humrudishia mnunuzi fedha zake ikiwa kilichofika si kile kilichoelezwa, na gharama ya kukirudisha humwangukia muuzaji. Kwa fulana ya dola tano, doa moja lililofichwa linatosha kula faida ya wiki nzima.