Istilahi za Ndani ya Fleti: Uhakiki

Katika maelezo ya fleti mpya za mijini, Dar es Salaam na Nairobi zikiwamo, tumeona maneno mengi yanayopendeza masikioni lakini hayapimiki. Tumeteua matatu ili tuyahakiki.

La kwanza ni "mpango wazi", litumikalo pale ambapo jiko, mahali pa kulia na sebule vimeachwa bila ukuta kati yake. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Mswahili, mpango ulio wazi ni ule usiofichika. Hata hivyo, haja ya istilahi ipo. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Zege lenye nondo limeondoa mpaka huo. Jambo ni jipya, nalo lastahili jina lake. Twapendekeza "sebule unganifu".

La pili ni "yenye hewa". Hakuna chumba cha kukaa watu kisicho na hewa. Kinachokusudiwa ni upepo kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na hilo lahitaji madirisha ya pande mbili. Twapendekeza "mpenyo wa upepo". Mpangaji aliyeahidiwa "hewa" akakuta madirisha yote yako upande mmoja hana la kudai, ingawa kusi na kaskazi zinavuma nje naye ndani analipia umeme wa kiyoyozi. Lakini aliyeahidiwa mpenyo aweza kuhesabu madirisha.

La tatu ni "baraza", wapewalo wapangaji wa ghorofa ya tano. Baraza hupakana na njia. Mgeni huketi hapo bila kuingia ndani. Kilichoning'inia juu ya barabara ni roshani, na neno hilo tunalo tangu zamani. Kuyachanganya ni kupoteza yote mawili.

Wapo watakaosema kwamba biashara hupenda maneno matamu. Hatuwapingi. Lakini istilahi za ujenzi huishia katika mikono ya fundi na katika mkataba wa upangaji. Neno lisilompa fundi kipimo, wala mpangaji haki ya kudai, ni pambo tu, halijawa istilahi.