Mzigo wa Neno "Nguvu" Katika Tafsiri za Ufundi

Tumeletewa kwa uhakiki tafsiri ya maelekezo ya kutengeneza sehemu ya umeme ya miksa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti studioni. Mtambo wenyewe ni wa Neve, wa mfululizo wa 80, ulioundwa Uingereza katika miaka ya 1970. Kiswahili cha mfasiri ni kizuri, na sarufi yake haina kasoro ya kutajwa. Kasoro imo katika neno "nguvu", ambalo limetwishwa mzigo wa maneno manne.

Kwake yeye volteji ni nguvu, mkondo ni nguvu, wati ni nguvu, na kisanduku kizima cha umeme ni "chanzo cha nguvu". Hili la mwisho ni jepesi kulikataa. Kisanduku hicho si chanzo cha kitu chochote. Kwetu sisi chanzo ni Kidatu au Mtera. Kazi yake ni kupokea volti 230 za mkondo geu, ule uendao na kurudi, na kuupatia mtambo volti 24 za mkondo usiogeuka. "Ugavi wa umeme" nao haufai, maana hiyo ni kazi ya shirika la umeme. Mafundi husema pawasaplai na huelewana. Katika vitabu ningependelea "kilishaumeme", kwa kuwa kulisha ndiko hasa kufanyikako. Lakini fundi asilaumiwe kwa pawasaplai yake.

Jambo zito zaidi ni kapasita. Zile za elektroliti hukauka umajimaji wake wa ndani kwa uzee na joto, na mara nyingi dalili yake ni mvumo wa hezi 100 katika spika. Tafsiri yaagiza kapasita iliyochakaa ibadilishwe kwa nyingine "yenye nguvu ileile". Nguvu ipi? Juu ya kapasita huandikwa vipimo viwili: maikrofaradi, zionyeshazo kiasi cha chaji iwezacho kuwekwa kwa kila volti, na volti, ambazo ni kikomo cha kuhimili. Fundi akidhani nguvu ni maikrofaradi, atanunua ya maikrofaradi 4,700 kama ile ya zamani, lakini ya volti 16, akaifunge penye volti 24. Itachemka, na huenda ikampasukia usoni. Ilipasa kuandikwa: maikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi.

Vivyo hivyo "zima nguvu kabla ya kufungua". Swichi ikizimwa, volti 230 zingali katika waya ziingiazo hadi kwenye swichi yenyewe, nazo zaweza kuua. Na hata plagi ikichomolewa, kapasita hubaki na chaji kwa muda. Hapo pana hatua nne: kuzima, kuchomoa, kungoja, kupima. Mfasiri amezikunja kuwa moja, na sidhani kwamba ni suala la mtindo tu.

Limebaki dogo. Volti 48 zipelekwazo kwenye maikrofoni ameziita "nguvu ya mzimu", akilifuata jina la Kiingereza neno kwa neno. Jina hilo latokana na ufundi wa simu: umeme huo hauna waya wake wenyewe, bali hupita katika waya zilezile zichukuazo sauti. "Umeme fiche" ungetosha, na ndivyo tulivyoandika pembezoni mwa nakala yake.