Ganuni Kabla ya Wimbo

Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimetandazwa tatu tatu kwa kila sauti juu ya sanduku bapa la mbao ambalo mpigaji hulipakata au huliweka mezani. Upande mmoja daraja la nyuzi hukalia ngozi iliyowambwa, na ngozi husikia unyevu kabla ya mtu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako hewa ya bahari huingia mpaka uvunguni mwa kitanda, ganuni iliyolinganishwa sauti alasiri huwa imekwisha kulegea baada ya isha. Kwa hiyo kabla ya taarab mpigaji hushika ufunguo wake mdogo, akaiinamia ala, akaanza: uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zote tatu ziseme neno moja. Ndipo huhamia sauti inayofuata. Wenye fidla humsubiri, maana wao huchukua sauti kwake. Mwenye udi hukaza vigingi vyake pole pole, sikio amelitega. Wakati huo wote hakuna wimbo ulioimbwa, na aliyezoea taarab hahisi kwamba amecheleweshwa.

Wapo watu wanaosafiri kwa ajili ya mambo kama hayo. Huvuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, wakashukia Malindi, na siku zao kisiwani hupangwa na vitu vya kale vilivyobaki kazini. Asubuhi ni kahawa chungu na kashata barazani Sokomuhogo; jioni ni urojo wenye ukwaju, kachori na chatne; magharibi ni roshani ya Africa House pale Shangani, iliyokuwa klabu ya Waingereza, kutazama jua likizama. Kila Februari wengi wao huja kwa tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe. Mji una vivutio vingi, lakini kwa msafiri mwenye masikio hakuna kinachozidi saa ile ya kulinganisha nyuzi, kwa kuwa hapo ndipo ustadi unapoonekana ukiwa bado haujavaa nguo za sherehe.

Simulizi za Unguja husema kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, naye aliporudi akawafunza wenziwe kwa ajili ya starehe ya ikulu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri, na nyimbo zao za mwanzo zikawa za Kiarabu. Muziki huo ulikuwa wa wenye nafasi. Aliyeutoa sebuleni na kuupeleka mitaani alikuwa mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, aliyekuwa akija mjini kwa miguu kuuza vyungu. Sauti aliyoinadia vyungu ndiyo hiyo hiyo aliyoimbia, na alipokitia Kiswahili katika taarab, watu wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, walijisikia wametajwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, na santuri hizo zikasikika pwani nzima. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Ni heshima ambayo wanamuziki wachache wa Afrika Mashariki wameipata kutoka kwa mwandishi wa kimo hicho.

Chama cha pili kikubwa, Culture Musical Club, kilianza 1958 na makao yake yakawa Vuga. Kwa miaka mingi vyama hivi viwili viligawana wapenzi wa mji. Ushindani wao ulikuwa wa nyimbo mpya: ni nani katungiwa shairi lenye fumbo zito zaidi, ni nani kapata lahani ambayo mtu huondoka nayo ukumbini na kulala nayo. Ramadhani ilikuwa mwezi wa kimya na wa mazoezi. Nyimbo zilifichwa kama nguo za sikukuu, zikaja kufunuliwa usiku wa Idi mbele ya kumbi zilizojaa akina mama waliopambwa kwa asumini na udi wa kufukiza. Msafiri aliyefika siku hizo alisikia jambo ambalo hakuna aliyelisikia kabla yake, kwa sababu hata jirani wa mtunzi alikuwa hajalisikia.

Usiku wa taarab una utaratibu wake. Hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala peke yake, ambamo fidla hukaa mstari mmoja kama jahazi zilizotia nanga, na akodiani, nai, udi na besi hupokezana chini ya mkono wa ganuni. Ndipo muimbaji huitwa. Hatembei huku na huko wala harukiruki. Husimama, mara nyingi mikono ikiwa imetulia, uso ukiwa hauna haraka. Beti huja kwa vina na mizani, kila ubeti hufuatwa na kipokeo cha waitikiaji, na baina ya beti ala hurudi kuzungumza. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa. Muda huo si wa kupoteza: fumbo lililosemwa ubeti wa kwanza huhitaji pumzi ndefu ya ala ili limfikie mlengwa, limchome au limpoze.

Na mlengwa yupo. Hapa ndipo penye tunu ya taarab ambayo hakuna mashine iliyowahi kuinasa. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka kitini. Haendi jukwaani kwa hatua za njiani. Huja akifuata dundo, akijongea taratibu, noti imeinuliwa baina ya vidole ili kila mtu aione. Huenda akapita makusudi mbele ya kiti fulani. Huenda akageuka pale pale panapoimbwa neno alilolingojea, akalitia sahihi kwa bega au kwa jicho. Kisha humpa muimbaji fedha mkononi, na muimbaji huipokea bila kukatiza silabi. Huko ndiko kutunza. Anayetunza amelinunua lile neno kwa muda, amelifanya lake, amelituma kwa mume, kwa mke mwenza, kwa rafiki aliyegeuka, na ukumbi mzima umeshuhudia. Mpigaji ganuni hodari huliona hilo kabla halijatokea: akimwona mama wa safu ya tatu anakaza kanga yake, hurefusha kipande cha kati ili njia ya kufika jukwaani itoshe. Kuufuata wimbo na kuufuata ukumbi kwa mkupuo mmoja, risha zikiwa zimefungwa kwenye vidole vya shahada, ni elimu isiyoandikwa kwenye nota.

Sauti za Busara ilianza 2004, na sharti lake kwamba muziki upigwe moja kwa moja, bila kuegemea kanda, ni fadhila kubwa katika zama za waimbaji wanaofungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa. Maandamano ya kulifungua tamasha hupita mitaani yakiwa na beni ya Mbwa Kachoka mbele, ngoma na tarumbeta zikiwaita watoto kutoka vichochoroni. Kuta za Ngome Kongwe zimemsikia muimbaji Bi Kidude, aliyerithi nyimbo za Siti na ambaye, akiwa mkongwe, alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Alifariki Aprili 2013, na taarab ikabaki bila sauti iliyokumbuka santuri za kale kwa kuzisikia si kwa kuhadithiwa. Tamasha lenyewe ni dhaifu kuliko linavyoonekana: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha.

Hata hivyo jukwaa la tamasha hukata kitu. Kila kundi hupewa muda uliopimwa, na kundi jingine liko nyuma ya pazia likingoja. Bashraf hufupishwa, wimbo wa robo saa hupunguzwa, na ngazi ya jukwaa huwa juu mno kwa mama mwenye noti na fumbo lake. Wageni hupiga makofi kwa dhati, lakini hakuna aliyetukanwa kistaarabu usiku ule, wala aliyeombwa radhi. Na huko kwenye mahoteli ya ufukweni hali ni nzito zaidi. Wapigaji wawili, udi na ganuni, huwekwa pembeni mwa meza za chakula, wakipiga chini ya mlio wa uma na visu, mbele ya watu wasioacha mazungumzo. Ganuni haikuumbwa kushindana na sahani.

Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imejaza kumbi za Dar es Salaam na Unguja kwa vinanda vya umeme na magitaa, na mashairi yake ya mipasho husema waziwazi kile ambacho wazee walikizungushia beti saba. Ina wapenzi wake, na wacheza dansi wana haki ya kucheza. Lakini kinanda cha umeme hubeba sauti ya ganuni, ya fidla na ya nai ndani ya kitufe kimoja, na kwa malipo ya mtu mmoja huwapokonya kazi watu kumi. Sauti zile za katikati, ambazo maqamu ya bayati na rasti huziomba baina ya funguo mbili za kinanda, kwa kawaida huachwa nje. Masikio ya kizazi yakizoea kutozisikia, hakuna tena wa kuzidai.

Pwani ina mengine ya kumtembeza msafiri. Kidumbaki bado hupigwa kwenye harusi za Unguja, kwa fidla, ngoma ndogo mbili, na sanduku lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi. Mombasa ilikuwa na tashkota, ala ya nyuzi, na ilikuwa na udi wa Zein l'Abdin mpaka alipofariki mwaka 2016.

Beit el Ajaib, jumba la fahari ambalo Barghash alilijenga mwaka 1883 hatua chache kutoka Ngome Kongwe, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Mbao za kuzuia watu wasipite zikawekwa, na habari zake zikaenea duniani. Ganuni huporomoka kwa njia nyingine, kimya kimya. Daraja hukaa juu ya ngozi iliyochakaa, uzi mmoja hukatika zikabaki mbili katika sauti iliyotaka tatu, na uzi wa kuuziba hungoja mtu atakayesafiri mpaka Cairo. Mpaka hapo mpigaji hulinganisha zile zilizobaki, uzi kwa uzi, kabla ya wimbo kuanza.